Binti yangu ana miaka 13, kocha anasema chuo kinamtaka, na baba yake kashasema ndiyo

Shikamoo dada kama umenizidi, na kama tuko sawa basi habari za huko. Nasoma safu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana nyumbani hakukaliki na kila ninayemuuliza huku ananiambia nishukuru Mungu niache kulalamika.

Tuko Houston. Mume wangu anaendesha lori, anakaa barabarani wiki, saa nyingine wiki mbili, mimi nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelea, nafanya zamu ya usiku. Watoto ni wawili. Wa kwanza wa kike, ana miaka 13, yuko gredi ya 8, na ndo huyu ninayekuandikia habari zake. Huyu mtoto mpira anaujua, na sisemi kwa sababu ni wangu. Alianza kucheza na watoto wa dada yangu hapa kwenye nyasi za apatimenti, mwalimu wa shule akamwona, akamwambia baba yake ampeleke klabu, na klabu zenyewe ndo hizi za kulipia, ada ya mwaka ni maelfu ya dola na hapo hujagusa jezi, viatu, mafuta na hoteli za kwenda kwenye mashindano Dallas na kwingineko. Tunalipa kwa kubanana lakini tunalipa, maana anapenda.

Sasa mwezi uliopita alienda kempu ya chuo kimoja kikubwa hapahapa Texas, zile za kulipia ambapo watoto wa klabu mbalimbali wanachezeshwa mbele ya makocha wa chuo. Walivyorudi kocha wa klabu akampigia baba yake, akamwambia kocha wa chuo kampenda sana binti, skolashipu yake ipo, akimaliza haiskuli anaenda moja kwa moja, ila wanataka kujua kama familia iko tayari kukamiti, yani kuahidi kwamba atajiunga nao, maana kwa mwaka wake watachukua viungo wawili tu na kuna mtoto mwingine wa Dallas wanamwangalia. Akasema tusikae sana. Alafu akaongeza kwamba ili nafasi isipotee binti apande timu ya juu ya klabu, ambayo ada yake ni kubwa zaidi na mazoezi ni siku tano kwa wiki, aache riadha ya shuleni, na likizo ya kiangazi aende kempu mbili tena za chuo hichohicho.

Baba yake alipaki lori huko New Mexico akanipigia, analia kwa furaha. Yani mume wangu si mtu wa kulia. Anasema mke wangu Mungu katuona, miaka minne ya chuo imelipwa. Kesho yake akampigia kocha wa klabu akamwambia sisi tuko tayari. Jioni nikaona kwenye grupu la familia la WhatsApp keshaweka picha ya mtoto kavaa fulana ya kile chuo, fulana yenyewe tuliinunua kwenye kempu, na kule Moshi mama mkwe kashatoa shukrani jumuiyani kwamba mjukuu wake kapata chuo Marekani. Gredi ya nane!

Mimi sikatai skolashipu dada, nani anakataa. Ila niliuliza barua iko wapi, nikaambiwa na kocha wa klabu huku ndo inavyoendaga, ni neno tu, watu wanaaminiana. Na kuna goti. Mtoto analalamika goti la kulia, chini kidogo ya kile kifuniko pametoka kama kinundu, ukipagusa anaruka. Juzi nimetoka zamu saa moja asubuhi namkuta kakaa jikoni, mguu kauweka juu ya kiti, kajifunga mfuko wa njegere za kwenye friza huku anakula siria zake, ananiambia mama usimwambie kocha. Ukimuuliza kuhusu chuo anasema anataka, lakini anasema haraka haraka kama mtu anayejibu mtihani. Riadha anaipenda, sayansi anaipenda, tangu mdogo anasema atakuwa daktari wa wanyama, na wiki hii kaniuliza hivi hicho chuo wanafundisha udaktari wa wanyama? Sikuwa na jibu.

Nikimwambia baba yake tusubiri ananiambia chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na kwamba mimi michezo siijui nitamzibia mtoto riziki. Tumenuniana, tunaongea mambo ya bili tu. Naomba unisaidie, tukubali au tukatae? Tukikataa ndo basi imeenda? Na baba yake nimwambieje bila ugomvi?

Mama wawili, Houston

---

Mama wawili, marahaba na asante kwa kuandika, na hongera ya binti, kwa sababu mtoto wa miaka 13 anayesimamisha makocha wa chuo kumtazama ana kipaji na hilo wala tusilipunguze.

Ila hapo hamjapewa ofa. Kwa soka na michezo mingi ya Divisheni ya Kwanza, ndo daraja la juu la michezo ya vyuo, tangu mwaka 2019 sheria za NCAA, hicho ndo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hazimruhusu kocha wa chuo kuongea habari za kumsajili mtoto, iwe na mtoto mwenyewe au na wazazi wake, kabla ya Juni 15 baada ya kumaliza gredi ya 10. Hata kwenye kempu hawaruhusiwi kuongea hayo. Binti yuko gredi ya 8, kwa hiyo tarehe yake ni Juni 15, 2028. Kualikwa chuoni kwa ajili ya kusajiliwa inaanza Agosti 1 mwaka huohuo. Ofa ya maandishi haiwezi kutoka kabla ya Agosti 1, 2029 akiwa anaingia gredi ya 12, na kusaini ni Novemba ya mwaka huo. Zamani kulikuwa na barua ya kitaifa ambayo mwanafunzi alisaini kujifunga na chuo, ikafutwa Oktoba 2024, siku hizi kinachobana pande zote ni mkataba wa msaada wa fedha wenye saini ya chuo. Sasa ukirudi kwenye simu aliyopigiwa mumeo, inawezekana kweli kocha wa chuo alinong'ona kitu, inawezekana pia kocha wa klabu kakiongeza urefu njiani, mimi sijui na wewe huwezi kujua, lakini kwa vyovyote vile hakuna mtu pale chuoni atakayesimama kesho aseme ndiyo niliahidi.

Na ubaya wa neno la mdomo ni kwamba chuo hakifungwi nalo hata kidogo ila mtoto anafungwa. Haandikii makocha wengine, na makocha wengine wakisikia kashakamiti wanaelekeza macho kwingine. Anacheza na goti bovu akiogopa habari zisifike. Akitaka kubadili mawazo akiwa na miaka 16 anajiona msaliti, wakati wao wakibadili mawazo wanaacha tu kupokea simu.

Kocha wa klabu kusema huku ndo inavyoendaga, hajatunga. Ndivyo ilivyokuwa. Ilianzia mbali kidogo, kwenye sheria ya Title IX ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata pesa ya serikali kuu. Timu ya mpira wa Kimarekani peke yake kwenye vyuo vikubwa ilikuwa na skolashipu 85, zote za wanaume, kwa hiyo vyuo vikalazimika kusawazisha upande wa wasichana, na soka ikawa njia mojawapo kubwa, wasichana wakapewa skolashipu 14 kwa timu wakati wavulana walikuwa na 9.9. Ghafla vyuo vingi vinatafuta wasichana walewale, kila kocha anamhofia mwenzake, huyu akienda gredi ya 10 yule anashuka gredi ya 9, mpaka wakafika kwa watoto ambao hata haiskuli hawajaingia. Hakuna kocha aliyekuwa na uhakika mtoto huyo akifika 18 atakuwaje, walikuwa wanagombea tu wasipitwe. Mwishowe makocha wenyewe wakachoka, wa mchezo wa lakrosi ndio walitangulia kuomba breki na wakaipata 2017, michezo mingine ikafuata 2018 na 2019. Kwa hiyo mumeo anachoambiwa ni desturi ambayo sheria ililetwa ili iizuie.

Msimulie hii, ni habari iliyotangazwa sana na kila mtu anaweza kuitafuta. Februari 2010 kijana wa Delaware anaitwa David Sills, miaka 13, gredi ya 7, alipewa ofa na kocha wa mpira wa Kimarekani wa wakati huo wa USC, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, Lane Kiffin, aende kucheza kwarterbeki, yule anayerusha mipira. Familia ikakubali. Septemba 2013 Kiffin akafukuzwa kazi, kijana bado yuko haiskuli. USC hakuichezea hata mechi moja. Alienda chuo cha West Virginia, na huko alikuja kung'ara kama mpokeaji wa mipira, namba tofauti kabisa na ile aliyopewa ofa, mwaka 2017 akafunga tachidauni 18, ndo mabao ya mchezo huo. Angalia yaliyobadilika ndani ya hiyo miaka, kocha kabadilika, chuo kimebadilika, hata namba uwanjani imebadilika, na huyo ni mtoto aliyekuwa na kipaji kikubwa kweli na maisha yakamwendea vizuri. Kati ya leo na siku binti yako atakayovaa jezi ya chuo ni zaidi ya miaka minne. Kocha anayemtaka leo anaweza kuwa kahamia jimbo lingine.

Umri nao niuongelee maana mumeo anaona kama basi linaondoka. Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar, mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka 15. Akaja kumalizia haiskuli hapohapo Houston kwenu, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti nzima ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, alifika chuo cha Georgetown 1987 ana miaka 21, amekuja kusoma na nia yake ilikuwa udaktari, timu ya kikapu ya chuo akaingia mwaka wake wa pili. Najua hao ni warefu kupita kawaida na soka ina njia zake, ila miaka 13 si mwisho wa safari kwenye mchezo wowote, na kwa wasichana ndo kabisa, mwili bado unajengeka, kasi inaweza kupungua mwaka huu ikarudi mwaka ujao, na anayewaharakisha analijua hilo, ndo maana anaharakisha sasa.

Halafu pesa. Baba yake anasema miaka minne imelipwa. Nani kasema imelipwa yote? Kwenye soka skolashipu tangu zamani zinagawanywa vipande, zile 14 wanagawana wachezaji ishirini na kitu, mmoja anapata robo, mwingine nusu, mwingine vitabu. Tangu msimu wa 2025 mambo yamebadilika baada ya ile kesi kubwa ya House dhidi ya NCAA iliyohusu malipo ya wachezaji, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano hayo sasa vina ukomo wa wachezaji 28 kwa soka na vinaweza kuwapa wote ufadhili kamili, lakini vinaweza si lazima vitoe, vingi havina hiyo hela au inaenda kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu. Ukomo wenyewe pia umefanya nafasi kwenye timu ziwe chache. Kwa hesabu za NCAA wenyewe, wanamichezo wa haiskuli wanaofika kuchezea timu za NCAA ni kama asilimia 7, na Divisheni ya Kwanza ni kama 2. Binti anaweza kuwa ndani ya hizo mbili, kwa nini asiwe, ila bajeti ya nyumba haipangwi juu yake.

Wakati huohuo kuna mlango mwingine Texas ambao hauhitaji goti. Sheria ya jimbo lenu inasema mwanafunzi anayemaliza kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake haiskuli anakubaliwa moja kwa moja vyuo vya serikali vya jimbo, isipokuwa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin ambao wanachukua namna hiyo asilimia 5 za juu kuanzia waombaji wa 2026. Kama mna grini kadi au uraia mtajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, akiwa gredi ya 12 na kwa kipato chenu kuna msaada ambao haurudishwi. Hata huo mpira wenyewe unadai masomo, Divisheni ya Kwanza wanataka kozi za msingi 16 za haiskuli na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4 kwenye hizo kozi, na hesabu inaanza gredi ya 9, yani Agosti hii inayokuja. Mumeo akitaka kufanya kitu cha haraka kwa ajili ya skolashipu, aende na binti kwa mshauri wa shule wapange hizo kozi. Hilo ndo lina tarehe ya mwisho ya kweli.

Na swali la mtoto lijibiwe, asiachwe hewani. Texas udaktari wa wanyama kwa muda mrefu ulikuwa Texas A&M peke yake, Texas Tech wakafungua shule yao 2021. Unaingia huko baada ya kusoma kozi nyingi za biolojia na kemia kwanza, kwa hiyo anaweza kuanzia digrii ya kwanza chuo kingine, ila swali la kuuliza ni je, hicho chuo cha kempu kinamruhusu mchezaji kusoma sayansi zenye maabara mchana wakati timu iko mazoezini? Kuna makocha wanaowashauri wachezaji wachukue kozi nyepesi ili ratiba isigongane. Mtoto aliyeuliza swali hilo akiwa na miaka 13 anajifikiria vizuri, mwambie hivyo.

Goti. Hapa nakuwa mkali kidogo unisamehe. Mpeleke kwa daktari wiki hii. Kinundu chini ya kifuniko cha goti kinachouma ukikigusa, kwa mtoto wa umri huo anayekimbia na kuruka sana, mara nyingi madaktari wanakiita Osgood-Schlatter, ni maumivu ya ukuaji pale mshipa unaposhika mfupa wa ugoko, kwa kawaida yanaisha mwili ukimaliza kukua, lakini yanataka kupunguziwa mzigo, siyo kuongezewa mazoezi siku tano. Mimi si daktari na kwa maandishi siwezi kusema ndicho chenyewe, kwa hiyo akaangaliwe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto asibanwe na mchezo mmoja mpaka afike 15 au 16, apumzike mchezo wake siku moja au mbili kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi mitatu nje ya huo mchezo, hata ukiigawa mwezi mmoja mmoja. Kumwambia aache riadha ni kinyume kabisa na hapo. Wasichana kwenye soka wanakatika ule mshipa wa ndani ya goti, ACL, zaidi ya mara mbili ya wavulana, na kuna mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, dakika kama ishirini, hayahitaji vifaa vya gharama, yamepimwa na yanapunguza majeraha kwa kiasi kikubwa yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki. Muulize kocha wa klabu kama wanayafanya. Kwa ada mnayolipa unayo haki ya kuuliza.

Kempu mbili za kiangazi msilipie. Kempu za vyuo ni halali na makocha wanaingiza hela humo, mialiko yake inatumwa kwa watoto wengi sana, na kuitwa kempu siyo kusajiliwa. Chuo hicho walishamwona anacheza. Wakimtaka watakuja kumtazama kwenye mechi za klabu bila nyie kutoa senti.

Sasa baba yake. Usimwambie kwenye simu yuko barabarani, na usimwambie mbele ya mtoto. Subiri arudi, ale, alale, ndo mkae. Anza na kile alichokiona yeye, kwamba binti ana kipaji na kwamba yeye baba ndiye amekilipia kwa kulala kwenye lori, kwa sababu nadhani pale New Mexico alilia kwa uchovu pia, alisikia kwamba mzigo wa chuo umemshuka mabegani. Ukianza na makosa ya ofa atasikia unamvua furaha yake. Halafu muulize kitu cha kazi yake mwenyewe, broka akimpigia akamwambia kuna mzigo Laredo, malipo mazuri, njoo tu tutaelewana, hakuna karatasi, ataondoka? Hataondoka. Na huu mzigo ni mtoto wake. Muwe na zile tarehe mkononi, 2028 na 2029, ziandike kwenye karatasi mbandike kwenye friji, aone kwamba haujakataa, umepanga. Wanaume wengi ninaosoma barua za wake zao hawagombani na mpango, wanagombana na neno hapana.

Kuhusu methali yake, wala usibishane nayo. Mwambie haraka haraka haina baraka, mcheke, muendelee na mazungumzo.

Kwa kocha wa klabu mwandikieni meseji moja, wote wawili mmekubaliana, kwa Kiingereza chenu cha kawaida, isiwe ndefu. Mseme mmefurahi sana kusikia chuo kimevutiwa na binti, mngependa waendelee kumfuatilia, familia itaongea na makocha wa vyuo ikifika Juni 15, 2028 kama sheria inavyosema, kwa sasa hajakamiti popote, na goti lake linaangaliwa na daktari kwa hiyo atabaki timu aliyopo na ataendelea na riadha. Basi. Ile ndiyo ya mumeo kwa simu haina nguvu yoyote kisheria, hamdaiwi. Uliuliza mkikataa ndo imeenda. Kama kweli kocha wa chuo kaona kitu kwa binti yako, hataacha kukiona kwa sababu wazazi wamefuata sheria ambayo yeye mwenyewe anatakiwa aifuate, na akiacha kwa sababu hiyo basi angemwacha pia siku ya kwanza atakayoumia. Kama kocha wa klabu atamnunia mtoto au kumweka benchi kwa sababu hamjapanda daraja la ada, hapo mtafute klabu nyingine, Houston zipo nyingi.

Binti mwenyewe umkalishe peke yake, mkiwa kwenye gari ndo vizuri zaidi maana hamtazamani. Usimuulize unataka chuo hiki au hutaki, hilo swali ni kubwa kwake na ana picha yake iko kwenye grupu la familia. Mwambie hajamwahidi mtu kitu, baba na mama ndio waliokuwa wanaongea, na yeye kazi yake ni kucheza, kusoma na kusema pale panapouma. Hiyo ya mama usimwambie kocha imenisumbua kuliko barua nzima, mtoto anaficha maumivu kwa sababu anaamini kuna pesa ya familia juu ya goti lake. Mwambie wazi kwamba haipo.

Mama mkwe mwachie mumeo, ni mama yake. Ampigie amwambie mjukuu anacheza vizuri, walimu na makocha wanamsifu, chuo bado yuko mdogo, waendelee kumwombea. Bibi hatakasirika, ataongeza maombi. Na hiyo picha ya fulana iondolewe kwenye grupu kimya kimya, asiandike maelezo marefu, maana akieleza mashangazi wataanza kuuliza maswali mpaka usiku.

Kama klinini hawana nafasi wiki hii jaribu idara ya michezo ya hospitali za watoto, Houston mnazo kubwa, na mpaka daktari amwone binti asicheze mechi ya wikiendi hata kama ni fainali. Akishaangaliwa niandikie tena uniambie wamesema nini.